Kibarua Bila Barua: Sheria za Kazi na Wachumia Juani wa Eastleigh

Wahenga walinena kwamba mchumia juani hulia kivulini. Methali hii imebeba ahadi kwamba anayevumilia kazi ngumu leo atakula jasho lake kwa utulivu kesho. Katika mtaa wa Eastleigh, mashariki mwa jiji la Nairobi, wako watu wengi wanaochumia juani kwa maana halisi ya maneno hayo. Kuna wasukuma mikokoteni wanaopenya katikati ya magari ya First Avenue wakiwa na marobota ya nguo. Kuna wapagazi wanaopandisha mizigo ghorofani kwa migongo yao, mafundi cherehani wanaoshona mapazia usiku na mchana, wachuuzi waliotandaza bidhaa kando ya Jam Street, na makanga wa matatu za nambari 6 na 9. Kuna pia watumishi wa nyumbani, na akina mama fua wanaovuka alfajiri kutoka Mathare na kuketi kando ya barabara wakisubiri kuitwa kufua nguo za watu. Swali linalostahili kuulizwa ni hili: je, sheria za nchi zimewaandalia watu hawa kivuli chochote?

Jibu ambalo wengi hulitoa haraka ni kwamba hawana sheria inayowalinda, maadamu kazi yao si rasmi. Makala haya yanashikilia msimamo tofauti. Sheria za Kenya zinamlinda mfanyakazi wa Eastleigh kuliko anavyojua mwenyewe, na kuliko mwajiri wake anavyopenda kukiri. Anachokosa ni vitu viwili, yaani maandishi ya kuthibitisha kazi yake, na sheria iliyoandikwa kwa lugha anayoitumia kuitafuta kazi hiyo. Kwa sababu hiyo, haki ya kibarua ni suala la wanasheria, na vilevile ni suala la wapenzi na wataalamu wa Kiswahili.

Majina na Yanayofichwa na Majina

Ni vyema kuanza na majina, kwa kuwa jina la kitu mara nyingi ndilo linaloamua kitakavyotendewa. Eastleigh ni mtaa wa tangu mwaka 1921, na kwa miongo mingi ulikuwa makao ya Waasia, Wasomali na Waafrika wa makabila mbalimbali. Serikali ya Siad Barre ilipoanguka nchini Somalia mwaka 1991, wakimbizi wengi walifika mtaani humo wakiwa na ujuzi na mitandao ya kibiashara. Nyumba ya wageni iliyoitwa Garissa Lodge iligeuzwa soko, na vyumba vya kulala vikawa maduka. Kuanzia hapo maghorofa ya biashara yaliongezeka mwaka baada ya mwaka, hata Eastleigh ikawa soko linalowavuta wanunuzi kutoka pembe zote za Kenya na nchi jirani. Hata hivyo, maghorofa hayo hayajiendeshi. Kila robota lililomo lilibebwa na mtu, na kila sakafu inapigwa deki na mtu.

Wanauchumi humwita mtu huyo mfanyakazi wa sekta isiyo rasmi. Istilahi hiyo ilianza kutumiwa na mwanaanthropolojia Keith Hart, aliyefanya utafiti mjini Accra, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ilienea duniani kupitia ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 1972, na nchi iliyochunguzwa katika ripoti hiyo ilikuwa Kenya. Wakenya nao wakajitungia jina lao, jua kali, wakiwataja mafundi waliogonga mabati bila paa juu ya vichwa vyao. Mwaka 1985 Rais Daniel arap Moi aliwatembelea mafundi wa Kamukunji, jirani kabisa na Eastleigh, na ahadi ya mabanda ikatolewa. Mwaka 1992 serikali ilichapisha waraka wa kisera uliolibeba jina hilo la jua kali. Mafundi walitambuliwa, na baadhi yao wakapata mabati ya kuwakinga jua. Kivuli cha sheria ya kazi hakikuwafikia kwa kasi hiyo.

Jina isiyo rasmi lina walakini mkubwa. Linamweleza mtu kwa kile asichokuwa nacho, na linaficha ukweli kwamba dola inamfahamu vizuri sana. Mchuuzi wa Eastleigh hutozwa ada na kaunti na kupewa stakabadhi. Askari wa kaunti, ambao wakazi huwaita kanjo, wanajua anapoketi na saa anazofungua biashara. Wakati wa kutoza, yeye ni rasmi. Wakati wa kulinda, anageuka kuwa si rasmi. Wala hawa si wachache. Takwimu za Shirika la Taifa la Takwimu, ambazo hazihesabu wakulima wadogo na wafugaji, zinaonyesha kwamba zaidi ya watu 8 katika kila 10 wenye kazi nchini wamo katika sekta hii. Katika mwaka wa 2023, nafasi zipatazo 720,900 kati ya nafasi mpya 848,200 zilitokana nayo. Sheria inayowaacha nje watu wengi kiasi hicho itakuwa sheria ya wachache.

Kuna majina mengine mawili yanayostahili kutazamwa kwa jicho la mwanaisimu. La kwanza ni kibarua. Kamusi za mwanzoni mwa karne ya 20 zinalieleza neno hili kuwa ni udogo wa barua, yaani karatasi au tikiti aliyopewa mtu wa kazi za kutwa ili aionyeshe wakati wa kulipwa. Jina la karatasi likahamia kwa mwenye kuishika. Katika miji ya pwani ya karne ya 19, wengi wa vibarua walikuwa watumwa waliokodishwa kwa kutwa, na sehemu ya ujira wao ikaenda kwa mabwana zao. Hata katika unyonge huo, karatasi ile ilikuwa ushahidi kwamba siku imefanyiwa kazi na kwamba kuna deni la kulipwa.

La pili ni kipande. Sheria ya kuwaandikisha Waafrika katika Kenya ya kikoloni ilipitishwa mwaka 1915 na kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kila mwanamume Mwafrika mwenye umri wa miaka 16 au zaidi alilazimika kubeba kipande, akikivaa shingoni ndani ya kijaluba cha chuma. Humo ziliandikwa alama za vidole, jina la mwajiri, mshahara, na tarehe ya kuingia na kutoka kazini. Mwajiri asipotia sahihi ya kumwachilia, mfanyakazi hakuweza kuajiriwa kwingine kihalali. Hii nayo ilikuwa karatasi ya kazi, lakini iliandikwa kwa faida ya mwajiri na dola.

Historia ya maneno haya mawili inaonyesha kwamba karatasi haikosekani katika maisha ya mfanyakazi. Suala ni karatasi hiyo inamtumikia nani. Kibarua wa Eastleigh wa leo ana kitambulisho, ana stakabadhi za kaunti, pengine ana hati ya faini. Karatasi asiyokuwa nayo ni ile iliyompa jina, yaani ile inayosema kwamba amefanya kazi na anadai.

Sheria Inavyosema

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 41, inampa kila mtu haki ya kutendewa haki katika mahusiano ya kazi. Inampa kila mfanyakazi haki ya ujira wa haki, mazingira ya kazi yanayofaa, kujiunga na chama cha wafanyakazi na kugoma. Katiba haikusema kila mfanyakazi mwenye barua ya ajira. Ilisema kila mfanyakazi, na hapo ikakoma.

Sheria ya Ajira, iliyotungwa mwaka 2007 na kuanza kutumika Juni 2008, inafafanua zaidi. Kifungu cha 8 kinatamka kwamba sheria hiyo inahusu mikataba ya maandishi na ya mdomo pia. Maana yake ni nzito. Mama mwenye nyumba anapomwambia mama fua kwa Kiswahili cha mtaani, "Njoo ufue, nitakupa kiasi fulani jioni," maneno hayo tayari ni mkataba mbele ya sheria. Hayahitaji muhuri, shahidi wala wakili.

Aidha, sheria hiyo inamtambua kibarua kwa jina lake. Kwa mujibu wa kifungu cha 2, kibarua ni mtu anayelipwa mwisho wa kila siku na asiyeajiriwa kwa zaidi ya saa 24 kwa mkupuo mmoja. Kifungu cha 37 kinaeleza kinachotokea mwajiri anapomweka mtu katika hali hiyo miezi na miaka. Kibarua akifanya kazi kwa siku mfululizo ambazo kwa jumla zinatimia mwezi mmoja au zaidi, mkataba wake unahesabiwa kuwa wa mshahara wa mwezi, na hawezi kuachishwa bila notisi. Siku za mapumziko zinahesabiwa ndani ya mfululizo huo. Akitimiza miezi miwili au zaidi, anastahiki masharti ambayo angeyapata kama asingeanza kama kibarua. Masharti hayo ni pamoja na siku moja ya kupumzika katika kila siku saba, likizo ya siku zisizopungua 21 za kazi kwa mwaka kwa malipo kamili, na likizo ya uzazi ya miezi mitatu. Mwajiri pia anawajibika kumchangia katika Hazina ya Taifa ya Hifadhi ya Jamii. Kijana aliyebeba mizigo ya duka moja la Eastleigh kila siku kwa miaka mitatu, na bado anaitwa kibarua, anaitwa hivyo na mwajiri wake tu. Sheria imekwisha kumpa jina jingine.

Je, ikiwa hana karatasi? Kifungu cha 9 kinaagiza kwamba kazi ya miezi mitatu au zaidi iwe na mkataba wa maandishi, na anayepaswa kuuandika ni mwajiri. Kifungu cha 10 kinaongeza kwamba endapo kesi itafika mahakamani na mwajiri akashindwa kuonyesha maandishi hayo, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalobishaniwa utakuwa juu yake. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Watunga sheria waliamua kwamba, katika jambo hili, atakayepotelewa ni yule aliyekataa kuweka daftari. Hakuna hekima ya sheria inayomfaa zaidi mfanyakazi wa Eastleigh, na ni vigumu kufikiria hekima isiyojulikana zaidi miongoni mwa wanaoihitaji.

Sheria Inapokomea

Pamoja na sifa hizo, itakuwa ni kujidanganya kudai kwamba sheria imetosha. Upungufu wa kwanza unahusu malipo ya kipande. Msukuma mkokoteni hulipwa kwa mzigo na fundi cherehani hulipwa kwa nguo. Mwaka 2017, katika kesi ya wafanyakazi wa viwanda vya chumvi vya pwani, Mahakama ya Rufani ilitofautisha aina nne za mikataba: wa muda usio na kikomo, wa muda maalumu, wa kipande, na wa kibarua. Kinga ya kifungu cha 37 ni ya kibarua, na mlipwa kwa kipande hakutajwa humo. Hivyo basi mtu anaweza kuketi kwenye cherehani ya mwajiri yule yule kwa miaka mitano, na bado mwajiri akadai kwamba alikuwa akinunua vipande tu. Neno kipande, lililomfunga babu shingoni, linamfungia mjukuu mlango.

Upungufu wa pili unamhusu mama fua. Leo yumo katika nyumba hii, kesho ile, na keshokutwa hakuitwa kabisa. Hana mwajiri mmoja ambaye siku zake zinaweza kujumlishwa hadi mwezi. Amri ya serikali ya mwaka 2022 iliweka kima cha chini cha shilingi 15,201.65 kwa mwezi kwa mfanyakazi asiye na ujuzi maalumu jijini Nairobi, na nyongeza ya asilimia 6 ikafuata mwaka 2024. Lakini bei ya kufua hupangwa kando ya barabara, na wingi wa wanaosubiri ndio unaoishusha. Chama cha wafanyakazi cha KUDHEIHA kimejitahidi kuwasajili watumishi wa nyumbani. Mwenye kubadilisha nyumba kila siku ni vigumu kumfikia.

Upungufu wa tatu unamhusu mchuuzi, ambaye hana mwajiri kamwe. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 inakitazama chama cha wafanyakazi kuwa ni umoja wa walioajiriwa, na mchuuzi amejiajiri. Anayeweza kumwondolea riziki ni askari wa kaunti, na sheria za kazi hazina la kusema juu ya askari huyo. Hapa kuna mafunzo kutoka kwingine. India ilitunga sheria ya kuwalinda wachuuzi wa barabarani mwaka 2014. Sheria hiyo inakataza kuwaondoa kabla hawajahesabiwa na kupewa hati, na inaagiza kwamba wawakilishi wao wawe angalau asilimia 40 ya wajumbe wa kamati za miji zinazopanga maeneo ya kuuzia. Nchini Tanzania, Rais John Magufuli alianza kuwagawia wamachinga vitambulisho mwezi Desemba 2018 kwa shilingi 20,000 za nchi hiyo. Vitambulisho hivyo viliwapa nafuu kubwa, lakini vilitegemea tamko la kiongozi. Kufikia mwishoni mwa 2021 wamachinga wengi wa Dar es Salaam walikuwa wakiondolewa kando ya barabara na kupelekwa katika maeneo yaliyotengwa. Hati isiyoegemea haki ya kisheria hudumu kadiri ya hiari ya aliyeitoa.

Upungufu wa nne unahusu mkimbizi. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inamruhusu kufanya kazi na biashara kwa masharti. Lakini Eastleigh haijasahau agizo la Desemba 2012 la kuwahamishia kambini wakimbizi wa mijini, agizo ambalo Mahakama Kuu ililitangua Julai 2013 katika kesi iliyofunguliwa na shirika la Kituo cha Sheria pamoja na wakimbizi wenyewe. Haijasahau pia msako wa Aprili 2014, ambapo watu wengi walizuiliwa katika uwanja wa Kasarani. Mtu mwenye kumbukumbu kama hizo hatakwenda kwa afisa wa kazi kulalamika kwamba amedhulumiwa ujira wa wiki mbili. Mwajiri asiye mwema anaujua woga huo na anaupigia hesabu.

Upungufu wa tano ni wa mahakama zenyewe. Sheria ya mwaka 2016 iliunda Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1 kwa haraka na bila taratibu ngumu. Mtu angedhani kwamba deni la kibarua lingekuwa la kwanza kupokelewa huko. La hasha! Sheria hiyo imeyatoa nje madai ya ajira na mahusiano ya kazi. Mfanyabiashara anayedai bei ya shehena ya nguo ana mlango wa haraka, ilhali mpagazi aliyeibeba shehena hiyo hana.

Hoja za Upande wa Pili

Wapo watakaosema kwamba kulazimisha sheria hizi kutaua ajira. Hoja hii si ya kupuuzwa. Wengi wa waajiri wa Eastleigh ni wadogo. Hulipa kodi kubwa kwa chumba kidogo, na huombwa fedha za kilemba kabla ya kukabidhiwa funguo. Wengine huendesha maduka pamoja na jamaa zao, na Sheria ya Ajira yenyewe imeziacha nje shughuli za kifamilia ambazo wafanyakazi wake ni wategemezi wa mwenye mali pekee. Lakini sehemu kubwa ya yanayodaiwa hapa haigharimu fedha. Kuandika katika daftari jina, tarehe na kiasi cha ujira kunahitaji kalamu. Mfanyabiashara huyo huyo anaandika kila mita ya kitambaa aliyomkopesha mteja. Anayeweza kuandika deni analodai anaweza kuandika deni analodaiwa.

Wengine watasema kwamba mfanyakazi mwenyewe hataki utaratibu, kwani anapenda uhuru wa kuondoka atakapo. Huenda ni kweli kwa baadhi. Hata hivyo, uhuru wa kuondoka haupotei kwa sababu mtu amelipwa alichokifanyia kazi. Isitoshe, historia ya Nairobi inakanusha dhana kwamba wanyonge wa Eastlands hawajui kudai utaratibu. Mnamo tarehe 23 Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, kiongozi wa wafanyakazi Makhan Singh alitoa hadharani dai la uhuru wa Afrika Mashariki. Yeye na Fred Kubai walipokamatwa mwezi uliofuata, wafanyakazi wa Nairobi waligoma kwa siku kadhaa. Kabla ya hapo, Januari 1947, mgomo mkuu uliitikisa Mombasa, na katika miaka ya 1950 ajira ya kutwa bandarini ilianza kugeuzwa kuwa ajira ya kudumu. Wasomaji wa fasihi wanakumbuka kwamba Shafi Adam Shafi aliwaweka makuli wa bandari ya Zanzibar na mgomo wao wa 1948 katikati ya riwaya yake ya Kuli. Vibarua wa wakati huo hawakusubiri kuitwa rasmi ndipo wadai haki.

Lugha ya Kukusanya na Lugha ya Kulinda

Katiba, katika kifungu cha 7, inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Sheria ya Ajira, hata hivyo, ilitungwa na kuchapishwa kwa Kiingereza, na mtu wa kawaida hukutana nayo katika lugha hiyo. Kinachoshangaza ni kwamba dola si bubu kwa Kiswahili. Inapotaka wachumia juani waweke akiba au wakope, inakizungumza kwa ufasaha mkubwa. Mwaka 2019 Hazina ya Taifa ya Hifadhi ya Jamii iliwaletea mpango ulioitwa Haba Haba, uliomtaka mtu aweke angalau shilingi 25 kwa siku, na jina lake likachotwa kutoka methali isemayo haba na haba hujaza kibaba. Kabla yake, mwaka 2011, ulikuja mpango wa pensheni wa shilingi 20 kwa siku ulioitwa Mbao, jina la Sheng la kiasi hicho hicho. Ni bayana, basi, kwamba waundaji wa mipango hii wanajua ni lugha gani inayofika sokoni. Lugha hiyo inatumika kumwambia kibarua cha kutoa. Haijatumika kwa bidii hiyo kumwambia cha kudai.

Sheria yenyewe inalitambua tatizo la lugha. Kifungu cha 9 kinamtaka mwajiri amweleze mfanyakazi mkataba wake katika lugha anayoielewa, endapo hajui kusoma au haelewi lugha iliyotumika. Kifungu cha 15 kinamtaka abandike mahali pa kazi, pa kuonekana na wote, tangazo la haki za wafanyakazi. Tangazo la Kiingereza katika karakana ya mafundi wasiokisoma ni pambo la ukutani. Tanzania ilipiga hatua mwaka 2021 kwa kubadilisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Kenya nayo ilichapisha Katiba Inayopendekezwa kwa Kiswahili mwaka 2010 ili wananchi waipigie kura wakiielewa. Iliyowezekana kwa katiba nzima haiwezi kushindikana kwa vifungu vichache vya ajira.

Ipo hoja kwamba Eastleigh inazungumza pia Kisomali, Kioromo na lugha nyingine nyingi. Hoja hiyo ina uzito, na matangazo hayo yafaa yatolewe katika lugha hizo pia. Lakini Msomali mwenye duka, Mkamba msukuma mkokoteni na Mluhya mama fua wanapopatana bei, mara nyingi hukutana katika Kiswahili. Lugha ambamo mkataba umefungwa ndiyo inayofaa kuwa lugha ya kuuelezea.

Yanayopasa Kufanywa

Bunge linapaswa kukirekebisha kifungu cha 37 ili mlipwa kwa kipande anayemtumikia mwajiri mmoja kwa mfululizo apate kinga sawa na kibarua. Linapaswa pia kuufungua mlango wa Mahakama ya Madai Madogo kwa madai ya ujira. Kaunti ya Nairobi nayo iwape wachuuzi wawakilishi wenye kura katika upangaji wa maeneo ya kuuzia, na stakabadhi ya ada impe aliyelipa haki ya kutofukuzwa siku hiyo.

Vyama vya wafanyakazi na mashirika ya msaada wa sheria yana kazi ya kuwafundisha watu kuweka ushahidi. Teknolojia imewasaidia bila kukusudia. Huduma ya M-Pesa ilianza Machi 2007, mwaka ule ule wa Sheria ya Ajira. Mfanyakazi anayelipwa kwa simu hupokea ujumbe wenye jina la mlipaji, kiasi, tarehe na saa. Mfululizo wa jumbe hizo kwa miezi miwili unaweza kumfaa mbele ya afisa wa kazi au hakimu, ikiwa hakuzifuta. Hiyo ndiyo barua ya kibarua wa leo, na wengi huifuta ili kuipa simu nafasi. Ni muhimu pia wajue kwamba malalamiko ya kuachishwa kazi isivyo haki hupelekwa kwa afisa wa kazi ndani ya miezi mitatu, na kwamba kesi ya madai ya ajira hufunguliwa kabla ya miaka mitatu kupita.

Idara za Kiswahili katika vyuo vikuu nazo haziwezi kuketi kando. Kila mwaka wanafunzi hufundishwa tafsiri, isimujamii na uundaji wa istilahi, na miradi yao mingi huishia katika rafu za maktaba. Kifungu cha 37 kikitafsiriwa kwa Kiswahili sanifu kinachoeleweka, kikajaribiwa kwa kusomewa mafundi wa Eastleigh na kusahihishwa palipowatatiza, kitakuwa mradi wa kitaaluma usiopungua kwa lolote uhakiki wa riwaya. Istilahi zenyewe zinahitaji kazi. Je, mfanyakazi wa kutwa aendelee kuitwa kibarua, neno lenye harufu ya utumwa, au neno hilo lirejeshewe heshima yake ya asili ya kuwa na barua? Kazi ya kipande iitwe nini ili mwajiri asijifiche nyuma yake? Mjadala huu ni wa wanaisimu na wanafasihi, na wanasheria watauhitaji.

Hitimisho

Sheria ya Kenya imekwisha kukubali kwamba neno la mdomo lililosemwa kando ya barabara ya Eastleigh ni mkataba. Imekubali kwamba miezi ya kazi haiwezi kufutwa kwa kumwita mtu kibarua, na kwamba aliyekataa kuandika ndiye atakayebeba mzigo wa ukimya wa daftari. Yamebaki mapengo ya kuzibwa bungeni na katika kaunti, na yametajwa. Lakini lililo karibu zaidi na mikono ya wasomi wa Kiswahili ni kuirudisha sheria hiyo katika lugha ambamo mikataba yenyewe hufungwa kila alfajiri. Maadamu haijarudishwa, mpagazi ataendelea kuambiwa "kazi imeisha, nenda", na ataondoka akiamini kwamba hadai kitu, ilhali sheria inasema anadai.